Hakimu Amemwachia, Uhamiaji Wamemshika

Mwezi uliopita mzee mmoja, sajini mstaafu, alinijia ofisini akiwa na bahasha kwapani. Kazi yangu serikalini haihusu sheria, lakini kwa kuwa nilisomea ualimu, majirani zangu wa hapa karibu na kambi wamezoea kuniletea karatasi zao niwasomee na kuwafafanulia. Mzee aliketi, akaiweka bahasha mezani, akasema: "Mwanangu, mimi nimelinda mahabusu miaka mingi. Namjua mtu aliyefungwa na namjua mtu aliyeachiwa. Huyu kijana wangu hakimu amemwachia. Sasa ni nani tena huyu aliyemshika?"

Kijana mwenyewe yuko Marekani. Alikwenda huko miaka 9 iliyopita kwa ile bahati nasibu ya viza, akapewa kadi ya kijani, yaani hati ya ukaazi wa kudumu. Akapata kazi ya kupakia mizigo ghalani, akaoa, akazaa watoto wawili huko huko. Miaka miwili iliyopita alishitakiwa kwa kuiba bidhaa za ghala lile. Wakili aliyepewa na mahakama akamshauri akiri ili mambo yaishe upesi. Akakiri. Hakimu akamhukumu kifungo cha mwaka mmoja, lakini akakiahirisha: asitumikie hata siku moja gerezani, mradi asirudie kosa. Jamaa zake wa huku wakamshukuru Mungu, na mzee akachinja mbuzi. Kisha mwaka huu, alfajiri moja alipokuwa akitoka kwenda kazini, maafisa wa uhamiaji wakamkamata mlangoni pake.

Bahashani mlikuwa na nakala ya hukumu, na hati ya kumwita kijana mbele ya hakimu wa uhamiaji ajibu kwa nini asiondolewe nchini. Mambo mawili tu katika hukumu ile ndiyo yaliyomponza: neno "wizi" na tarakimu "365".

Ndugu msomaji, wengi wetu tunao watoto, shemeji au wajomba waishio ng'ambo, na tumezoea kuiona kadi ya kijani kuwa ndiyo mwisho wa safari. Aliyeipata tunasema amefika. Ni kweli kwamba mwenye kadi hiyo huishi na kufanya kazi popote Marekani, hulipa kodi kama wenyeji, na akitaka huweza hata kujiunga na jeshi lao. Lakini si raia. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya mwaka 1952, iliyokwisha kurekebishwa mara nyingi, bado yamhesabu kuwa mgeni, na mgeni hukaa kwa masharti hata akimaliza miaka 50. Raia akiiba hufungwa, akimaliza kifungo hurudi kwake. Mgeni akiiba hufungwa vile vile, na akitoka aweza kumkuta afisa mwingine akimngojea langoni.

"Hiyo si kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja?" aliniuliza mzee. Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1893, katika shauri la Mchina mmoja aitwaye Fong Yue Ting na wenzake, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kumwondoa mgeni nchini si adhabu ya kosa la jinai. Kwa macho ya sheria zao, jambo hilo ni kama mwenye nyumba kumwambia mpangaji ahame. Mimi binafsi naona kumtenga mtu na watoto wake ni adhabu, tena kubwa kuliko miezi michache ya jela, lakini uamuzi huo ndio msingi unaotumika hata sasa, na una matokeo yake. Mbele ya hakimu wa jinai, mtu asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Mbele ya hakimu wa uhamiaji anayo haki ya kuwa na wakili, ila amlipe mwenyewe. Na huyo hakimu wa uhamiaji hayumo katika mhimili wa mahakama. Ni mtumishi wa Wizara ya Sheria.

SHERIA YA MWAKA 1996

Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilitenga kundi la makosa ambalo kwa lugha yetu twaweza kuliita "jinai nzito". Hapo mwanzo lilikuwa dogo, na mtu yeyote angeelewa sababu yake: kuua kwa kukusudia, biashara ya dawa za kulevya, biashara haramu ya silaha. Katika miaka iliyofuata kundi likazidi kupanuliwa, na sheria iliyotiwa sahihi Septemba 1996 ikalipanua kupita zote. Kabla ya hapo, wizi au kosa la kutumia nguvu liliingia katika "jinai nzito" ikiwa hukumu ni kifungo cha miaka 5 au zaidi. Sasa mwaka mmoja ukatosha. Udanganyifu wa mali uliohesabiwa tangu hasara ya zaidi ya dola 200,000 ukashushwa hadi dola 10,000. Tena sheria ikarudi nyuma, ikawakamata watu waliokwisha kuhukumiwa zamani kwa makosa ambayo siku yalipotendwa hayakuwa na uzito huo.

Basi jina hilo lisitudanganye. Kosa ambalo jimbo laliita dogo, na ambalo mkosaji hakulilalia jela hata usiku mmoja, laweza kuwa "jinai nzito" kwenye vitabu vya uhamiaji. Kinachotazamwa ni kifungo kilichotamkwa, hata kama kimeahirishwa chote. Hapo ndipo mzee wetu alipopotea njia. Yeye alihesabu siku ambazo mwanawe alilala gerezani, akapata sifuri. Uhamiaji walihesabu siku zilizoandikwa, wakapata 365.

Lau hakimu angeandika siku 364, wizi ule usingekuwa "jinai nzito". Ungebaki katika kundi jingine, la makosa yaonyeshayo upotovu wa tabia, na kosa moja la kundi hilo humfanya mkaazi astahili kuondolewa ikiwa tu alilitenda ndani ya miaka 5 tangu aingie nchini, na liwe kosa ambalo sheria yaruhusu afungwe mwaka mmoja au zaidi. Kijana alilitenda katika mwaka wake wa saba. Kwa maneno mengine, siku moja ya kifungo ambacho hakukitumikia ndiyo iliyomtenga na nyumba yake. Majimbo kadhaa yameliona jambo hili yakarekebisha sheria zao, ili kifungo cha juu cha makosa madogo kiishie siku 364: Washington mwaka 2011, California mwaka 2015, na New York mwaka 2019. Jimbo la kijana wetu halimo.

Ubaya mwingine wa "jinai nzito" ni kwamba humfungia hakimu mlango wa huruma. Mkaazi wa kudumu mwenye kosa la kawaida, ikiwa amekuwa na kadi miaka 5 na amekaa nchini miaka 7 mfululizo kabla ya kutenda kosa, aweza kuomba asamehewe, na hakimu akapima: ana watoto? analipa kodi? amejirekebisha? Aliye na "jinai nzito" hawezi hata kuomba. Watoto wake wangekuwa raia kumi, wasingemwokoa. Na akishaondolewa, marufuku ya kurudi ni ya maisha, isipokuwa apate ruhusa maalumu. Akirudi kwa njia za panya akakamatwa, aweza kufungwa hadi miaka 20.

Kuhusu dawa za kulevya nitasema kwa ufupi, maana habari yake haina mzunguko. Hukumu yoyote ya dawa hizo yatosha kumwondoa mkaazi, isipokuwa moja tu ya kupatikana na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Vijana wetu husema bangi imehalalishwa huko. Majimbo mengi yameihalalisha kwa watu wazima, lakini uhamiaji ni kazi ya serikali ya shirikisho, na kwa sheria ya shirikisho bangi bado ni haramu. Adam Moncrieffe, Mjamaika aliyepelekwa Marekani akiwa na umri wa miaka 3, alikamatwa huko Georgia mwaka 2007 akiwa na gramu 1.3 za bangi. Serikali ilitaka kumwondoa kama mfanya biashara ya dawa za kulevya, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2013 ilisema kiasi kidogo kama hicho kisichouzwa hakiwezi kuitwa "jinai nzito". Alishinda, lakini kwa miaka sita na kwa jasho la mawakili.

MAMBO YA NYUMBANI

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, nakaa kidogo hapa. Sheria hiyo ya 1996 iliongeza kifungu kinachohusu ugomvi wa nyumbani. Mkaazi akihukumiwa kwa kumpiga mkewe au mumewe, kwa kumnyemelea mtu na kumtia hofu, au kwa kumtesa au kumtelekeza mtoto, aweza kuondolewa nchini, na kwa makosa haya haulizwi amekaa miaka mingapi. Hata kuvunja amri ya mahakama inayomkataza asimkaribie mwenziwe, mahakama ikithibitisha tu kwamba amevunja sehemu ya amri hiyo iliyowekwa kumlinda mwenziwe na vitisho au madhara, kwatosha.

Huku kwetu ndoa ikigombana huitwa wazee, na baba aliyemchapa mwanawe kiboko hakuna amshangaaye. Simwambii mtu kwamba hilo ni jema. Nimefundisha watoto, najua kiboko hufundisha nini. Lakini mtu wetu afikapo ugenini huichukua desturi hiyo ndani ya sanduku pamoja na nguo. Jirani asikiapo kelele hupiga simu, na polisi wa huko wakifika nyumbani mara nyingi hawaondoki mikono mitupu. Asubuhi mke husema nimemsamehe mume wangu, na hushangaa kuambiwa kwamba shauri si lake tena, ni la serikali. Mume naye hukiri apate kurudi nyumbani jioni ile ile. Alama za vidole alizochukuliwa kituoni zimekwisha kufika kwa watu wa uhamiaji, maana daftari za polisi na zao zimeunganishwa.

ASKARI ALIYEDHANI KIAPO NI URAIA

Ndugu zetu askari huenda wakauliza: aliyevaa sare za nchi ile, akaipigania, naye pia? Naye pia.

José Padilla alizaliwa Honduras, akaishi Marekani kwa kadi ya kijani zaidi ya miaka 40, akatumikia jeshi la nchi hiyo kwa heshima katika vita vya Vietnam. Baadaye akawa dereva wa lori, na huko Kentucky akakutwa na bangi nyingi katika mzigo wake. Aliuliza wakili wake kama kukiri kutamletea matatizo ya uhamiaji. Wakili akamjibu asiwe na wasiwasi, kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri. Kosa lile kwa sheria ni miongoni mwa yale yasiyo na kujadiliana: kuondolewa karibu ni lazima. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 31 Machi 2010, kwa kura 7 dhidi ya 2, mahakama ikaamua kwamba wakili wa jinai anao wajibu wa kumweleza mgeni hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri. Iwapo Padilla mwenyewe aliathirika kwa ushauri ule mbovu, ikaachiwa mahakama za Kentucky zipime. Uamuzi huo ndio ngao kubwa waliyo nayo wageni leo, ingawa mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilisema hauwasaidii wale ambao hukumu zao zilikwisha kukamilika kabla ya siku ile.

Mwingine ni Hector Barajas. Alizaliwa Meksiko, akafika Marekani akiwa mtoto wa miaka 7, akatumikia Divisheni ya 82 ya askari wa miavuli kuanzia 1995 hadi 2001. Mwaka 2002 alihukumiwa kwa kufyatua risasi kwenye gari lenye watu. Kosa si dogo, na alilitumikia gerezani. Alipomaliza alipelekwa Meksiko. Mwaka 2013 akafungua katika mji wa Tijuana, kando ya mpaka, nyumba ya kuwapokea askari wa zamani wa Marekani waliofukuzwa kama yeye, wengine wasiojua hata Kihispania cha kuombea maji. Gavana wa California, Jerry Brown, alimsamehe mwaka 2017, na mwaka uliofuata akapata uraia. Msamaha wa gavana huponya baadhi ya makosa tu. Ya dawa za kulevya hauyagusi. Ofisi ya ukaguzi wa Bunge la Marekani iliripoti mwaka 2019 kwamba askari wa zamani wapatao 250 walifunguliwa mashauri ya kuondolewa au waliondolewa kati ya 2013 na 2018.

Wengi wa hao walidhani kwamba siku walipokula kiapo cha jeshi walikwisha kuwa raia. Kiapo cha jeshi na kiapo cha uraia ni vitu viwili. Sheria humrahisishia askari: wakati wa amani huweza kuomba uraia baada ya utumishi wa mwaka mmoja, na wakati wa vita mapema zaidi. Lakini lazima aombe. Karatasi haijijazi yenyewe kwa sababu mtu amebeba bunduki. Jambo la kusikitisha ni kwamba askari aliyefukuzwa, ikiwa aliachishwa jeshi kwa heshima, bado anayo haki ya kuzikwa katika makaburi ya taifa ya Marekani. Akiwa hai haruhusiwi kuvuka mpaka. Akiwa maiti hupokelewa kwa bendera.

KABLA YA KUSEMA "NAKIRI"

Mwenye ndugu huko na amweleze mapema: akishitakiwa kwa jambo lolote, hata dogo, amwambie wakili wake siku ya kwanza kwamba yeye si raia, na adai jibu la maandishi kuhusu uhamiaji. Mara nyingi wakili na mwendesha mashitaka huweza kupatana juu ya kosa lenye jina jingine, au kifungo kifupi kwa siku chache, bila mtu kuonewa wala haki kupindwa. Baada ya kukiri, kurekebisha ni kazi ya miaka. Wala asitegemee kwamba jimbo likifuta kosa katika kumbukumbu zake yamekwisha. Kwa kawaida uhamiaji huendelea kulihesabu.

Mwenye shauri la zamani asipande ndege kabla ya kumwona wakili. Hili nalisema kwa wazazi hasa, maana sisi ndio tupigao simu kusema bibi amefariki, njoo uzike. Kuna makosa ambayo mtu akikaa kimya humo nchini hayamwondoi, lakini akitoka na kurudi, uwanjani huhesabiwa kama mgeni anayebisha hodi upya, na hodi yaweza kukataliwa. Kumbembeleza aje mazishini kwaweza kuwa kumpotezea kazi, nyumba na watoto. Hali kadhalika asipeleke maombi ya uraia kwa kubahatisha, kwani huko nako alama za vidole huchukuliwa na ya kale yote hufunuliwa.

Lakini asiye na doa asichelewe. Baada ya miaka 5 ya kadi, au 3 kwa aliyeoana na raia na kuishi naye, huweza kuomba uraia, na akishaupata mashitaka ya kesho hayamwondoi nchini. Tena watoto wake waliozaliwa huku, wakiwa hawajafika miaka 18, wanaishi naye kwa haki na wana kadi zao, huwa raia pamoja naye bila maombi mengine, kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001.

Nilipofika hapo mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia kwamba kijana alitaka kuomba uraia mara tu ilipotimia miaka 5, yaani miaka miwili kabla ya ule wizi. Alimpigia baba yake simu kutaka shauri. Mzee akamkataza. "Nilimwambia, bendera niliyoilinda mimi usiikane." Hakujua kwamba Uganda iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa sheria ya mwaka 2009, na kwamba kijana angeweza kushika vyote viwili kwa kufuata taratibu za Uhamiaji wetu. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwagizia chai.

Tuliandika pamoja maswali matatu ya kumpelekea mkwewe, naye ayafikishe kwa wakili mpya: je, wakili wa kwanza alimwonya kijana juu ya kufukuzwa kabla hajakiri, je, maneno yaliyosemwa siku ile mahakamani yamehifadhiwa, je, mahakama ile yaweza kuombwa ifungue upya hukumu kwa msingi wa shauri la Padilla. Jibu la swali la pili limekwisha kuja: yamehifadhiwa, na wakili ameomba nakala. Kijana bado yu kizuizini, bila dhamana, kwa kuwa wenye "jinai nzito" hawapewi. Mzee hupita ofisini kila Ijumaa baada ya sala kuuliza kama nimeona neno lolote jipya.